Pedi mkononi, bahasha ya kaki kwapani: kwa mdogo wangu uliyemaliza chuo juzi

Mdogo wangu, kwanza hongera. Najua joho umesharudisha, picha umezituma kwenye kundi la ukoo, na mama mkubwa mmoja ameshauliza "sasa kazi unaanza lini?" kana kwamba kazi ni basi la mkoani, lina saa yake ya kuondoka. Mimi nilimaliza 2017, shahada ya uhasibu. Kazi ya kwanza yenye mkataba na karatasi ya mshahara niliipata Agosti 2021. Hapo katikati kuna miaka minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimeshika pedi. Pedi ya gemu, siyo ile ya duka la dawa.

Sikuandikii ili uache gemu. Walioniambia niache walikuwa wengi na hakuna aliyenisaidia. Dada yangu, niliyekuwa naishi kwake Mbagala, aliwahi kuuficha waya wa umeme wa PlayStation ndani ya ndoo ya unga. Nikapanda gari hadi Kariakoo nikanunua mwingine. Nauli ya kwenda kupeleka barua za maombi nilikuwa nasema sina, lakini nauli ya waya ilipatikana siku hiyohiyo. Ningejiuliza hapohapo kwa nini, ningeokoa mwaka mzima.

Jibu nilikuja kulipata baadaye sana. Gemu lina ubao wa matokeo. Kutafuta kazi hakuna.

Wakati ule nilikuwa na PES 2018, gemu la mpira wa miguu, kwenye PlayStation 3 niliyoachiwa na rafiki yangu wa chuo. Ilikuwa PES ya mwisho kutolewa kwa mashine hiyo, kwa hiyo hata gemu lenyewe lilikuwa halina mbele, kama mimi. Nilikuwa nacheza Master League, unapewa timu unaiongoza msimu hadi msimu, unanunua na kuuza wachezaji. Ukifungwa unajua umefungwa ngapi, na dakika gani. Ukishinda unapanda nafasi mbili, unaziona kwa macho. Saa mbili usiku naanza, saa nane ya usiku nimechukua kombe. Naenda kulala nikiwa nimechoka uchovu mzuri, ule wa mtu aliyetoka kazini.

Sasa linganisha na mchana wake. Umeandika barua, umeisaini, umetoa nakala za vyeti, umezipeleka kwa wakili zigongwe muhuri, umetuma. Halafu? Kimya. Siyo "umefungwa mbili bila", siyo hata "jaribu tena". Mwaka 2018 peke yake nilituma maombi 41. Nilijibiwa mara moja, nayo ilikuwa kunijulisha kwamba nafasi imejazwa. Mtu anaweza kuvumilia kufungwa. Kucheza miezi kumi na mbili bila kujua kama mpira umeshaanza, hapo ndipo akili inapokimbilia mahali palipo na namba.

Kichekesho nilikiona siku moja nikiwa katikati ya dirisha la usajili la Master League. Nilikuwa nabishana na wakala wa kijana wa miaka 17 kuhusu mkataba wa miaka mitano, anataka nyongeza, mimi nagoma. Nikacheka mwenyewe sebuleni. Mimi mwenye miaka 25 hakuna aliyewahi kunipa mkataba hata wa miezi mitatu.

Gharama halisi ya kipindi kile haikuwa usingizi. Ilikuwa tangazo moja. Nilikuwa nimeomba nafasi ya umma kupitia ule mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutolewa kwenye tovuti, kwenye faili refu lenye mamia ya majina, na ukiwa na akaunti unaona kinachoendelea kwenye maombi yako. Mimi nilikuwa nimeingia humo mara ya mwisho wiki sita nyuma. Siku nilipofungua, nikasogeza faili, nikakuta jina langu, namba, tarehe, Dodoma. Tarehe ilikuwa juzi yake. Nikahesabu nyuma nikaona asubuhi ile wenzangu wanaingia kwenye mchujo mimi nilikuwa msimu wa tisa, nafasi ya pili, pointi moja nyuma ya kinara. Sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Ndiyo mara ya kwanza namwambia mtu, nakwambia wewe.

Kwa hiyo somo la kwanza ni dogo na halina utukufu: ingia kwenye akaunti yako kila Jumatatu na kila Alhamisi, hata kama hujaomba kitu wiki hiyo. Na vile vitu vya kero vimalize sasa hivi kabla tangazo halijatoka. Cheti cha kuzaliwa. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na jina lililo NIDA lifanane na lililo kwenye vyeti. Kama shuleni uliandikwa kwa "y" na NIDA kwa "i", kashughulikie leo. Wadhamini watatu wanaojua kwamba umewaandika, maana nina mwenzangu ambaye mdhamini wake alipopigiwa simu aliuliza "nani huyo?" Soma tangazo hadi mwisho, hasa yale maandishi yanayojirudia kila tangazo. Yanasema wazi kwamba matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazitakubaliwa, wanataka vyeti vyenyewe. Watu wanaambatisha karatasi za matokeo kila siku, halafu wanasema kazi ni za koneksheni. Koneksheni zipo, sikatai. Lakini hata mwenye koneksheni anaambatisha cheti.

Kuhusu matapeli nitapita haraka. Kazi inayokuomba hela ya fomu, ya sare au ya "kufungua faili" siyo kazi. Ukiitwa semina kwenye ukumbi, ukakuta watu wamevaa suti wanapiga makofi na hakuna anayekwambia utakuwa unafanya nini, uliza choo kiko wapi, pitia hukohuko.

Kujitolea ndiko kunakohitaji maneno zaidi. Nilijitolea miezi sita kwenye ofisi moja ambayo siitaji. Magari mawili kwenda na mawili kurudi, nauli 400 kila gari, ni 1,600 kwa siku. Ubwabwa kwa mama ntilie 1,500. Ukipiga siku 22 za kazi ni 68,200 kwa mwezi, natoa mimi, yaani anatoa dada. Kuna faida? Ipo, lakini ina tarehe ya kuisha. Miezi miwili ya kwanza nilijifunza kupanga hati za malipo na kusoma taarifa ya benki na kuilinganisha na daftari la fedha. Mwezi wa tatu hadi wa sita nilijifunza chai ya nani haina sukari. Ukienda kujitolea, sema mwenyewe tangu mwanzo: nakuja miezi mitatu, nataka kugusa hiki na hiki. Wakikataa umejua mapema. Na siku unaondoka ondoka na barua yenye nembo na muhuri. Mimi niliondoka bila barua kwa kuona aibu kuomba, nikaja kuifuata mwaka mmoja baadaye nikakuta mkuu wa kitengo amehama.

Niliporudi nyumbani baada ya ile miezi sita ya kujitolea ndipo nilipofanya kitu cha maana, nacho ni kununua kaunta buku. Nikalichora ubao wa matokeo. Safu ya kwanza tarehe, ya pili nilichotuma, ya tatu nimemfuata nani, ya nne jibu. Nikajiwekea pointi kwa nilichofanya, siyo kwa majibu yao: barua iliyotumwa pointi 1, kwenda ofisini kwa miguu yangu kuulizia pointi 2, kurekebisha CV kwa kuifuata kazi yenyewe pointi 2, kumpigia mtu niliyekuwa namwonea haya pointi 3. Pointi 15 kwa wiki ndiyo ruhusa ya gemu Ijumaa usiku. Utasema huo ni utoto. Ni utoto, lakini ulifanya kazi kwangu kwa sababu sikuwa mvivu, nilikuwa na njaa ya kuona namba ikipanda. Wiki ya kwanza nilipata 6.

Na wewe una shida ambayo mimi sikuwa nayo. Mimi Luku ikiisha, gemu limeisha. Wewe unalo kwenye simu, eFootball ileile iliyochukua nafasi ya PES tangu 2021, linapakuliwa bure, liko mfukoni kwenye daladala, kitandani, hadi kwenye foleni ya kusubiri usaili. Nimemwona kijana kwa macho yangu ameitwa jina mara mbili mlangoni hajasikia, yuko dakika ya 88. Kama unaweza, simu ya kutafutia kazi na simu ya gemu zisiwe moja. Kama huna mbili, basi gemu litolewe siku za kazi na kurudishwa Ijumaa. Ile shida ya kulipakua upya, na bando linavyoliwa, ni mlango mzuri tu wa kutosha kumzuia mtu asiyekuwa na kiu hasa.

Sasa banda, maana najua wengi mnawaza "bora nifungue sehemu ya gemu". Nilifungua Aprili 2019, na humo ndani nilijifunza uhasibu kuliko darasani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtaji ulikuwa milioni moja kamili. Laki nne zangu, nilizopata kwenye kibarua cha kuhesabu mali za ghala mwisho wa mwaka. Laki sita mkopo wa shemeji, kwa makubaliano ya 50,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Nikanunua PS3 mbili zilizotumika kwa 250,000 kila moja, flati mbili za inchi 32 zilizotumika kwa 200,000 kila moja, na 100,000 iliyobaki ikaenda kwenye mabenchi, stebilaiza na pazia. Pazia usilidharau, jua la saa tisa likipiga kioo hakuna anayeona mpira. Fremu ilikuwa ya 60,000 kwa mwezi. Mechi moja 300, kila kipindi dakika tano, anayefungwa analipa na aliyeshinda anabaki na pedi. Fundi alituwekea jezi za Simba na Yanga, na kuanzia hapo watu wakaacha kuchagua Barcelona.

Kila mtu huhesabu mapato na kusahau umeme. Mashine moja na flati yake nilizikadiria wati 200, mbili ni wati 400, kwa saa nane ni uniti 3.2. Uniti kwa bei ile ilikuwa kama 356 ukijumlisha kodi na tozo, kwa hiyo ni takriban 1,140 kwa siku, 34,000 na kitu kwa mwezi. Siyo nyingi, ila inalipwa kabla hujaona mteja. Wastani wa mauzo ulikuwa 11,000 kwa siku, 330,000 kwa mwezi. Toa fremu 60,000, umeme 34,000, kijana wa zamu ya jioni 60,000, matengenezo 25,000. Unabaki na 151,000. Toa 50,000 ya shemeji. Hapo ndipo nilipo, na bado sijala. Kwa mwaka mauzo yalikuwa chini kidogo ya milioni nne, ndiyo maana nilifaa kile kitambulisho cha wajasiriamali wadogo cha 20,000 ambacho wakati huo kilikuwa kwa wenye mauzo yasiyozidi kiwango hicho. Nilikivaa shingoni kama pasi ya kusafiria.

Hiyo 25,000 ya matengenezo ilikuwa karibu yote pedi. Pedi ya PS3 ina ugonjwa wake: mchezaji anaanza kupiga mashuti peke yake, hujagusa kitu. Wiki ya kwanza nilinunua mpya kila ikiugua. Halafu fundi mmoja wa Kariakoo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanifungulia moja mbele yangu. Ndani kuna utepe mwembamba wa plastiki wenye mistari ya umeme, na chini yake kipande cha sponji kinachoubana utepe ule kwenye bodi. Sponji likilala, utepe unacheza, vitufe vinajibonyeza. Dawa yake ni kukata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli ukubwa wa kucha ya kidole gumba, unakiweka badala ya sponji, unafunga skrubu zako. Akanitoza 2,000 na kuniambia, "Sasa usirudi tena kwa hili, rudi na jingine." Tyubu moja iliyokufa ilinitosha mwaka mzima. Kuanzia hapo matengenezo yakashuka hadi 10,000, na hiyo tofauti ya 15,000 ndiyo niliyokuwa nanunulia bando la kutuma maombi. Nakwambia haya kwa sababu ukiwa na biashara ya mtaani, mwezi mzima unaweza kuokolewa na sponji.

Mawili yalinipa shida banda lile. La kwanza ni kuwekeana hela. Vijana wanaanza na soda, kesho elfu, keshokutwa mtu amekunjwa shati. Mchezo wa kubahatisha una sheria yake na bodi yake ya leseni, na mwenye fremu ndiye atakayekamatwa, siyo waliowekeana. Nikapiga marufuku, nikapoteza wateja kama sita wazuri. Wawili walirudi.

La pili ni mama mmoja muuza vitumbua. Alikuja saa nne asubuhi, mikono ina unga, akasimama mlangoni bila kupiga kelele. Ndani kulikuwa na watoto wanne, mmoja wao ni wake, shati la shule limegeuzwa ndani nje. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema, "Baba, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ila hela yangu ya unga imeingia humu ndani tangu jana, nimekuja kuuliza kama naweza kuiona." Nikafungua daftari. Mechi saba tangu jana jioni, 2,100. Nikamhesabia yote mkononi. Hakunishukuru wala hakunitukana. Alimshika mwanawe mkono wakaondoka, na yule mtoto akawa anageuka kutazama kama mechi yake tumeisimamisha. Siku hiyohiyo nikaandika mlangoni kwa makapeni: mwanafunzi haingii kabla ya saa kumi. Mauzo ya asubuhi yakafa kabisa. Basi nikawa nafungua saa nane, na asubuhi nzima ikawa ya kaunta buku, maombi, na safari za mjini. Sikupanga hivyo. Yule mama ndiye aliyenipangia ratiba.

Halafu Machi 2020 shule zikafungwa hadi mwishoni mwa Juni kwa sababu ya korona, na mtaani watoto wakajaa kama mchwa. Ungedhani ni neema. Mjumbe alikuja siku ya tatu kuniambia nifunge, nikafunga. Miezi mitatu na kitu bila senti, mwenye fremu akanipunguzia mwezi mmoja tu. Shemeji akasema deni tulisogeze mbele, halitaji tena hadi nifungue. Hakulitaja. Ndugu wa namna hiyo usimcheleweshee hata siku moja ukishapata.

Kuhusu CV. Ule muda wa banda nilikuwa siuandiki, naona aibu. Shahada ya uhasibu halafu napokea miatatu miatatu? Kwenye usaili mmoja wa kampuni nikaulizwa, "Tangu 2017 ulikuwa unafanya nini?" Nikajibu, "Nilikuwa natafuta kazi." Wakaandika kitu, wakanishukuru. Usaili uliofuata nikaenda upande wa pili, nikajiita Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya burudani ya kidijitali. Mzee mmoja kwenye jopo akauliza una wafanyakazi wangapi. Nikasema mmoja. Wakacheka hadi mimi nikacheka, na kazi sikupata.

Mara ya tatu, Julai 2021, niliandika kama ilivyo: "Mmiliki wa banda la gemu, Mbagala, 2019 hadi sasa. Kupokea na kutunza fedha za kila siku, kuandika mapato na matumizi, kulipa mkopo." Ilikuwa kampuni ya malori, walikuwa wanataka mtu wa kulinganisha stakabadhi za mafuta na safari za madereva. Na kwenye ile bahasha ya kaki, juu ya vyeti, nikaweka daftari la banda. Lina mafuta ya chipsi kwenye jalada. Nilikuwa nusura nilitoe nikiwa kwenye benchi la kusubiria.

Mhasibu wao mkuu alikuwa mama wa makamo. "Shikamoo mama." "Marahaba, kaa." Aliangalia CV, akauliza daftari lenyewe liko wapi, akiwa anatania nadhani. Nikalitoa. Akalifungua katikati, siyo mwanzo. Nimekuja kugundua wanaojua kazi hawafungui mwanzo, mwanzo wa daftari kila mtu ni msafi. Akaweka kidole kwenye siku moja: mechi 38, inatakiwa 11,400, fedha iliyopo 10,800.

"Hii 600 iko wapi?"

Pembeni nilikuwa nimeandika kwa peni nyekundu: Kofia, mechi 2, deni. Kofia ni mteja, bodaboda asiyevua kofia.

"Na huyu Kofia alilipa?"

Nikamwomba anisogezee daftari, nikageuza kurasa mbili. Siku tatu baadaye: Kofia kalipa 600, na tiki. Akaangalia, akarudi nyuma kuangalia ile ya kwanza, akaenda tena mbele. Kisha akaniuliza maswali mengine kama kumi ambayo siyakumbuki.

Nilipewa mkataba wa mwaka mmoja, mshahara wa 450,000. Usianze kununua sofa kichwani. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 45,000. Inabaki 405,000, hapo kodi inakatwa asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000, ni 10,800. Halafu bodi ya mikopo wanakuja na asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 67,500. Lile bumu tulilokuwa tunalila kwa chipsi kuku lina kumbukumbu nzuri kuliko sisi. Mkononi ilikuwa 326,700. Piga hesabu hii wewe mwenyewe kabla hujakubali au kukataa mshahara wowote, na kabla hujamwambia mama mkubwa unalipwa ngapi, maana yeye atashika ile ya juu na harusi ya binamu inakuja.

Mwezi wa kwanza kazini nilikuwa natetemeka kila jioni kwa sababu hakuna aliyeniambia kama nimefanya vizuri. Ni ile shida ileile, kimya. Nikanunua kaunta buku jingine, naandika stakabadhi nilizomaliza, zenye kasoro, na zilizorudishwa. Wiki ya pili nikaona madereva watatu wanajaza mafuta kwenye kituo kilekile siku ambazo lori lilitakiwa liwe mkoa mwingine. Sikukimbilia kusema. Nilimpelekea yule mama karatasi moja, safu nne, bila neno la ziada, nikarudi kukaa. Ukiwa mgeni kazini usimtuhumu mtu kwa mdomo. Peleka namba, acha wakubwa wazisome.

Banda nilimwachia kijana wa zamu, analipa kidogo kidogo. Ameshatoa zile PS3 na kuweka PS4, mechi sasa ni 500, lakini tangazo la saa kumi limebaki mlangoni, makapeni yamefifia ameyapitia upya kwa rangi.

Na ndiyo, bado nacheza. Jumamosi baada ya kufua napita pale, nakaa benchi la nyuma nasubiri zamu yangu kama wengine. Wiki iliyopita nilifungwa nne na kijana mmoja mrefu aliyenyoa denge, nikatoa 500 yangu nikaiweka mezani, ndipo nikamtambua: ni yule wa mama vitumbua. Yuko kidato cha nne. Nikamuuliza mama hajambo. Akasema hajambo, kisha akaangalia saa ukutani, ilikuwa kumi na robo.